Kobe Mweupe na Sauti ya Bi Mkubwa

Benchi ni langu. Nalisema mapema kwa sababu wanaolikalia wameshasahau. Nililiweka mbele ya kibanda changu cha kushona viatu ili mteja akae akisubiri gundi ikauke. Sasa mteja husimama, na wasio na kiatu cha kushona ndio wanaokaa. Kushoto hukaa Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye huacha vichwa vya watu nusu akaja kubishana. Kulia hukaa Hakimu, ambaye hajawahi kuwa hakimu. Alifagia mahakama miaka thelathini akastaafu na lugha yao yote. Katikati, Jumamosi ile, alikaa Sauti Saba, kichwa mikononi. Huyu ndiye mtafsiri wa chumba cha video kilicho nyuma yetu: hupunguza sauti ya sinema, hushika kipaza sauti, na peke yake huwa jambazi, polisi, bibi harusi na mbwa. Mbele yetu, na birika lake na vikombe vyake, alisimama Dada. Huyu tumeachiwa na mama yake, Bi Mkubwa, aliyetuuzia kahawa hapa miaka ishirini na miwili, na ambaye hakukumiminia hata tone kabla hajakuuliza, "Mwanangu, umekula?" Alifariki mwaka jana. Saa ilikuwa nane na nusu mchana. Onyesho lilikuwa saa kumi, na benchini kulikuwa na kesi.

— Nimeharibu, alisema Sauti Saba. Nimeharibu vibaya.

— Usiseme neno mbele ya mashahidi, alisema Hakimu. Umeharibu nini?

— Jina la marehemu.

Dada alikuwa akisuuza vikombe. Hakuinua uso.

Kesi yenyewe ilikuwa katuni. Ya Kijapani, ya wasichana wanne wa shule wanaopewa vitana vya uchawi na kobe mweupe anayesema. Msichana akichana nywele mara tatu, nywele zinageuka rangi, nguo inameremeta, naye anaruka juu ya mapaa kupiga mawingu meusi yanayotoka madirishani mwa watu. Sauti Saba huletewa sehemu moja kila wiki kwenye flashi, husoma maandishi ya chini, na hutafsiri bila kujua ya mbele. Alipomwona kobe mpole, macho makubwa, alimpa sauti nzuri kuliko zote alizonazo. Alimpa ya Bi Mkubwa. Ile ile, na kikohozi kidogo kabla ya neno, na "mwanangu" kila baada ya pumzi. Watoto walimpenda kobe yule kupita kiasi. Sisi wakubwa tulikuwa tukiingia kwa kisingizio cha kutafuta watoto. Rekodi ya yule mama hatuna hata moja. Simu yake iliingia maji wiki ya msiba. Kwa hiyo kila Jumamosi Dada alifunika birika, akaenda kusimama mlangoni, akamsikiliza mama yake kobeni.

Kisha ikaja sehemu ya kumi. Msichana mdogo kuliko wote, ambaye Sauti Saba alimwita Kitindamimba, alipiga wingu juu ya paa la mwokaji mikate. Asubuhi yake mwokaji akatazama picha ukutani akauliza, "Huyu mama ni nani?" Alikuwa mkewe, marehemu. Kumbe mawingu yale yalikuwa majonzi ya watu. Likipigwa wingu, mtu anaacha kulia, na anamsahau kabisa aliyekuwa akimlilia. Kobe alijua tangu siku ya kwanza. Naye akasema, kwa sauti ya Bi Mkubwa, "Usijali, mwanangu. Hasikii uchungu tena." Mlangoni kikasikika kikombe kikipasuka, na hakuna aliyegeuka kutazama cha nani.

Leo ilikuwa sehemu ya kumi na moja. Ya mwisho.

— Kobe ni shetani, alisema Wembe. Kesi imekwisha, nipeni kahawa.

— Napinga, alisema Hakimu. Kobe aliwaambia, "Tutaondoa huzuni mjini." Huzuni imeondoka, haikuondoka?

— Imeondoka, lakini...

— Basi katimiza ahadi. Chanda chema huvikwa pete.

— Hiyo methali inaingiaje hapo?

— Kobe hana vidole? Hesabu.

— Hakimu, kawaambia watoto wa shule nusu ya maneno!

— Nusu si uongo. Wewe ukininyoa ukaniambia nimependeza, bila kunionyesha kisogo, nikushitaki?

Kisogo cha Hakimu tunakijua sote.

— Tena nikwambie, Hakimu aliendelea, maana akishapata pumzi harudi nyuma. Wenye hatia ni wasichana. Majonzi ni mali. Mwokaji mikate kaachiwa na mkewe kihalali. Wao wamepanda paa la mtu bila ruhusa, wakaharibu mali, na wamevaa nguo isiyo sare saa za masomo. Makosa matatu.

— We mzee! Kitindamimba alikuwa anadhani anaokoa watu!

— Ndiyo maana wanasema mficha uchi hazai. Angeuliza kwanza.

— Hata hiyo haiingii, nilisema.

— Itaingia ukiisukuma.

Wembe alisogea mbele, jicho limeshawaka. Namjua, hapo ndipo anapoacha akili nyumbani.

— Sikilizeni. Mmejiuliza yale mawingu yakipigwa yanakwenda wapi? Kobe anayauza. Kuna mji wa pili, hakunyeshi mvua. Anawapelekea huzuni inawanyeshea, wanalima.

— Biashara ya machozi.

— Jumla na rejareja!

— Kijana, umekaribia lakini hujafika, alisema Hakimu, akaweka kikombe chini kwa taratibu, kama mtu anayesoma hukumu. Watu wote wa mji ule ni maiti. Mawingu ndiyo walio hai, wanachungulia madirishani kutafuta jamaa zao.

— Na mwokaji anamwokea nani mikate?

— Umewahi kuona mtu akiila?

Tulifikiri wote. Sehemu kumi, na kweli hatukuwahi kuona mtu akiila ile mikate. Nilipata baridi kidogo mgongoni, nikaikasirikia, nikapiga nyundo soli ambayo haikuwa na kosa.

— Acheni upuuzi, nilisema. Tatizo si kobe. Tatizo tumezoeshwa. Katuni zetu za zamani zilikuwaje? Msichana anazunguka, nguo inabadilika, jini anapigwa, kesho wako shuleni wanacheka. Nani aliwahi kuuliza lile jini lilikuwa na shida gani? Aliyetunga hii amekaa chini akauliza. Akaacha utepe vilevile, na nyimbo vilevile, na kamnyama kazuri vilevile, ili tuingie wenyewe kwa miguu yetu.

— Mimi ndiye niliyeingia wa kwanza, alisema Sauti Saba. Niliona macho makubwa nikasema, huyu namjua. Sikumjua.

Hapo Dada akaweka birika chini. Ameumbwa mpole, Dada, kwa hiyo akiweka birika chini watu huketi sawasawa.

— Kaka, alimwambia Sauti Saba, mwisho umeshauona?

— Nimeuona asubuhi.

— Kobe anasema nini?

Sauti Saba alijikuna shingo.

— Wingu la leo ni la Kitindamimba mwenyewe. La mama yake. Limekuja dirishani kwake. Kobe anamsihi alipige, amsahau mama, apumzike. Anamsihi sana. Ni maneno mengi, Dada. Matamu.

— Kwa sauti ya mama yangu.

— Ndiyo.

— Mbele ya watoto wote wa mtaa.

— Ndiyo.

— Basi nisikilize. Juzi mtoto wa jirani kanipita nikiwa na birika, akamnong'oneza mwenziwe, "Huyo ni mtoto wa kobe mbaya." Mama yangu kawapa watoto wale uji wa bure, wengine hawajaota meno. Leo ukimaliza hivyo, jina lake limekwisha hapa mtaani. Naumia, kaka. Nasema wazi, naumia.

Hakuna aliyekunywa.

— Badilisha sauti, alisema Wembe polepole. Sema kobe kashikwa na mafua.

— Hapana! Dada alimgeukia. Umnyamazishe? Hapo ndipo mahali pekee ninapomsikia. Ukimtoa huko, nimemzika mara ya pili.

— Basi badilisha mwisho, alisema Hakimu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mahakamani. Kobe atubu. Nani atajua?

— Watajua, alisema Sauti Saba. Mwaka mmoja nilimfufua askari aliyekufa kwenye sinema, kwa sababu watu walikuwa wanalia sana. Wiki iliyofuata, sehemu ya pili ikaanza na mazishi yake. Walinitupia maganda. Naweza kuongeza chumvi, kutia neno, kutoa neno. Kumgeuza kobe kuwa mwema siwezi. Hadithi inakataa.

Saa tisa. Hakimu alisema subira yavuta heri, na kwa bahati mbaya hiyo ilikuwa sahihi ila haikutusaidia. Wembe akapendekeza umeme ukatike. Hakimu akauliza nani ana koleo. Walikuwa wameshaanza kugawana kazi, mmoja wa kukata waya, mmoja wa kuchungulia, nami nikiwatukana wote wawili, ndipo nilipogundua kuna mtu amesimama mbele ya kibanda.

Alikuwa mama mmoja, mgeni hapa mtaani, kiatu kilichong'oka kisigino mkononi na kingine mguuni. Alikuwa amesimama upande upande muda wote huo, kwa sababu benchi langu, kama nilivyosema, halikaliwi na wateja.

— Samahanini, alisema. Nimesikia tangu mawingu. Mimi hiyo katuni siijui.

— Huna hasara, nilimwambia. Lete kiatu.

— Ila naomba kuuliza. Huyo kobe anafanya watu wawasahau wafu wao.

— Hasa, alisema Hakimu.

— Na anasema kwa sauti ya mama aliyekwisha kufa.

— Ndiyo, alisema Dada.

— Sasa yeye kaipata wapi?

Nimekaa nyuma ya hilo benchi miaka mingi. Nimesikia likijibu maswali ya dunia, ya bei, ya ndoa za watu, ya mwezini. Siku ile Hakimu alifungua kinywa, akatafuta methali, hakuipata hata isiyohusika. Wembe alitazama kobe asiyekuwepo. Dada alikuwa akimmiminia yule mama kahawa, ikajaa, ikamwagika hadi kwenye kisahani, naye hakuona.

Sauti Saba alisimama. Kikombe chake kilikuwa kimejaa, na yule bwana hajawahi kuacha kahawa tangu nimfahamu.

— Kaiiba, alisema. Akakimbia.

Saa kumi chumba kilifurika. Nilifunga kibanda, jambo ambalo silifanyi hata kwa mvua, nikasimama nyuma pamoja na Hakimu, Wembe na yule mama mwenye kiatu kimoja. Dada alikuwa mlangoni, kanga yake ameikaza kifuani kwa mikono yote miwili.

Kitindamimba yuko chumbani kwake. Wingu limejaa dirishani, jeusi, linatetemeka. Kobe anapanda kitandani taratibu. Kikohozi kidogo. "Chana nywele, mwanangu. Mara tatu tu. Kesho hutalia." Watoto walijikunyata. Mmoja akalia kabisa. Nilimtazama Dada, nikatamani ule waya tungeukata.

Msichana anatugeuzia mgongo, mdomo hauonekani. Hapo, kwa Kijapani, ninavyoamini, hakuna neno. Lakini Sauti Saba alivuta pumzi tukaisikia kwenye spika, na Kitindamimba akasema:

— Hiyo sauti si yako.

Watoto wakainua vichwa, naye akaendelea:

— Umeitoa kwenye wingu la mtu. Kuna binti yake mahali anaitafuta. Irudishe!

Kobe akafungua kinywa. Ikatoka sauti nyingine kabisa, kavu, ya mwanamume, haina mwanangu wala kikohozi. Ilikuwa sauti ya Sauti Saba mwenyewe, tunayoisikia benchini kila siku na ambayo hajawahi kumpa mtu yeyote kwenye sinema. "Lakini sikumdanganya mtu," ikasema. "Mliniomba msilie."

— Mwizi! alipiga kelele mtoto wa mbele. Na chumba kizima kikasimama juu ya viti. Mwizi! Irudishe! Irudishe!

Kitindamimba akatupa kitana. Hakulipiga wingu. Alifungua dirisha, akalisogelea, akaliachia njia liingie. Likaingia lote, likakaa kando yake kitandani, likamfunika mabega. Kobe akashuka, akatoka mlangoni polepole, hakuna aliyemfukuza. Kisha kutoka ndani ya wingu, kikohozi kidogo.

— Mwanangu. Umekula?

Nilikuwa namtazama Dada. Sisemi alilia, kulia alilia tangu mwanzo. Alicheka. Katikati ya machozi alicheka kwa sauti, akasema mbele ya watu wote:

— Bado, mama!

Mtaa ulilipuka. Watoto walipiga viti, walipiga ukuta, walipigana wao kwa wao kwa furaha. Wembe alimkumbatia mteja wake aliyemfuata humo na kichwa nusu. Hakimu alifuta macho kwa mkono wa shati akasema ni vumbi la chumba, na kwamba kobe bado ana haki ya kukata rufaa. Mtoto wa jirani, yule wa kunong'ona, alipita mbele ya Dada akasimama, akamwambia:

— Mama yako ni wingu.

— Ndiyo, alisema Dada. Ndiye.

Tulirudi benchini, Sauti Saba tumembeba, koo limemkauka hata asante haitoki. Yule mama mgeni nilimkalisha katikati, wa kwanza mwenye haki ya kukaa hapo kwa mwaka mzima, nikampigilia kisigino kwa misumari yangu mizuri. Birikani ilikuwa imebaki kahawa kidogo. Dada aliliinua juu ya kikombe cha mgeni, kisha akalishikilia hapohapo, hakumimina. Mwaka mzima ametuuzia kahawa bila kusema lile neno. Tulijua hawezi, hatukumwuliza.

— Mama, alimwambia yule mgeni, umekula?

Hakimu, aliyekula mara mbili mchana ule, alikuwa wa kwanza kuinua mkono.