Diski Nne za Fundi Anold Shekigenda

Anold Shekigenda alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Mwera, Pangani, mtoto wa tatu wa mkata mkonge. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, akajifunza ufundi redio mjini Tanga, na mwaka 1984 akafungua kibanda chake Usagara.

Mwaka 1988 alimwoa Devota, mwanzishaji wa nyimbo katika kwaya ya kanisa letu. Mwaka 2005 kwaya ilivuka mpaka wa Horohoro kwenda kurekodi Mombasa, ikarudi na diski nne zilizosimbwa, sauti zake zikiwa zimefungwa kwa msimbo, ikamkabidhi Anold azitunze. Kwa king'amuzi cha Anold, kifaa cha kufungua msimbo huo, ziliimba katika spika sita, kila spika na sauti zake. Kwenye redio ya kawaida zilitoa kelele tupu, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Devota alifariki mwaka 2011. King'amuzi nacho kikafa, na kingine hakikupatikana.

Mwenyekiti wa kwaya, Mzee Asheri, alizijaribu kwenye redio yake, akasikia mchanga, akatangaza kanisani kwamba fundi ameziharibu. Hakuuliza. Miaka kumi Anold aliitwa mharibifu, na hakuna aliyemtetea, nasi ndugu zake tukiwemo.

Alinunua kompyuta kuukuu ishike nafasi ya king'amuzi. Kila aliponakili, programu ilikuza sauti kidogo ili kumsaidia, na msaada huo ukavuruga kila kitu. Mwaka 2023 aliizuia isiguse sauti hata chembe, ndipo diski zikafunguka.

"Lea mwanangu," alimwambia bintiye, "ile kelele ndiyo wimbo wenyewe."

Katika spika ya katikati alikuwamo Devota peke yake. Anold alilia mpaka chai ikapoa. Katika spika ya nyuma kushoto alikuwamo Mzee Asheri, naye peke yake, akipotea sauti tangu ubeti wa kwanza. Anold alimwita asikilize.

"Futa hiyo!"

"Shikamoo kwanza, mzee. Nifute yako, ya mke wangu ibaki?"

"Futa zote! La sivyo utazikwa kimya. Hakuna mwanakwaya atakayefungua mdomo kaburini kwako."

Hakufuta. Hilo la kuzikwa kimya lilimtesa kuliko figo zilizomlaza kuanzia Juni mwaka jana. Alifariki tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Lea.

Ameacha watoto wawili, Lea na Daniel, na wajukuu watano. Kwaya haikuja hapa kaburini. Mwenyekiti amekuja peke yake, yupo kiti cha mbele, kuhakikisha kimya chake kinatimizwa.

Mungu ampe fundi wetu utulivu tuliomnyima sisi. Daniel, washa spika. Na ile ya nyuma kushoto usiipunguze.