Nani Atapanda Holden Jumamosi

Benchi la mbele ya duka la mikate la Norlane lina nafasi ya watu wanne, au watatu Kadogo akiwepo, kwa sababu Kadogo ana mwili wa friji la buchani. Kila asubuhi wazee wetu hukaa pale na kahawa zao kwenye vikombe vya karatasi, wakitoa hukumu kwa kila gari linalopita. Hapa Geelong, Australia, mtu huzaliwa Ford au huzaliwa Holden, na kubadili dini ni rahisi zaidi. Viwanda vya pande zote mbili vimeshafungwa na magari yenyewe hayaundwi tena, lakini ugomvi haujapewa taarifa. Alhamisi hiyo Nev Hocking, anayeitwa Spana, aliwahi kuliko wote kwa sababu nyumbani kulikuwa hakukaliki. Binti yake Raelene alikuwa anaolewa Jumamosi, na gari lililopangwa kumpeleka kanisani lilikuwa Holden Commodore yenye turbo, mali ya mzee Lambros, baba wa bwana harusi. Alfajiri ile Raelene alimtumia baba yake ujumbe: “Baba, utapanda na mimi au hupandi?” Mpaka kahawa ya pili alikuwa hajajibu.

— Hujamjibu bado? — aliuliza Kadogo.

— Nimjibu nini? — Nev alisema. — Niliapa hapa hapa, mbele yenu, kwamba makalio yangu hayatagusa kiti cha Holden mpaka nazikwa.

— Uliapa kweli — alisema Bluu. — Mimi shahidi. Ulikuwa umeshika pai ya nyama, mchuzi unakudondokea tumboni.

Bluu anaitwa hivyo kwa sababu nywele zake zilikuwa nyekundu, na kwetu hiyo ni sababu tosha. Nywele zimekwisha, jina limebaki. Ni Holden wa damu, ila siku hizi anaendesha kigari cha Toyota cha mkewe, na hukiegesha mtaa wa pili ili wenzake wasikione. Wote wameshakiona.

— Kwani ile Ford Falcon yako vipi? — Bluu aliuliza, na jibu alikuwa analijua.

— Ipo.

— Ipo wapi?

— Bandani.

— Yote?

— Yote.

— Mahali pamoja?

Nev akanywa kahawa.

Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha injini cha Ford hapa mjini tangu ana ndevu tatu, na Raelene alipokuwa mtoto alimwahidi kwamba siku ya harusi atampeleka mwenyewe kwa Falcon, silinda sita na turbo juu yake. Gari lilikuwa zima, linawaka mara moja, linakwenda kama upepo. Kosa lake moja ni kwamba lilikuwa halina tatizo. Mwanamume wa kwetu hawezi kulala na injini isiyo na tatizo, basi Nev akaifungua aiongezee nguvu, na tangu hapo hajaifunga. Pistoni ziko kwenye mikebe ya biskuti, na turbo yenyewe mkewe Glenys anazuilia mlango wa jikoni.

— Tuseme ukweli wa kitaalamu — alisema Nev, ili mazungumzo yatoke bandani. — Silinda sita za Ford zinasimama mstari mmoja, kama watoto waliolelewa. Za Holden zinaegemeana, tatu huku, tatu huko, kama walevi wanarudi kwao.

— Hizo ni zile za baadaye — alisema Bluu. — Ya mzee Lambros ni ya miaka ya themanini. Silinda zake zimesimama mstari vilevile, na turbo ikianza kupiga mluzi, bwana wee, hata ukiwa Ford utafumba macho.

— Zimesimama kwa sababu ile injini ni ya Nissan. Walikwenda kuomba kwa Wajapani.

— Waliomba kitu kizuri.

Kadogo aliweka kikombe chini. Kadogo akiweka kikombe chini, ujue jambo linakuja.

— Ngoja, ngoja. Kama injini ni ya Nissan, basi Spana hatapanda Holden. Atapanda Nissan iliyovaa koti la Holden. Kiapo hakikutaja Nissan.

— Mtu hakalii injini — alisema Bluu. — Kiti ni cha Holden.

— Tunakitoa. Tunafunga kiti cha Falcon, si kipo bandani? Makalio yanabaki Ford, miguu tu ndiyo inakuwa ugenini.

— Na bi harusi akae wapi?

— Yeye hakuapa.

Nev alijikuta anakisia kama matundu ya bolti yatalingana, kisha akajionea haya. Mtu mzima, babu mtarajiwa, anapima matundu kichwani.

— Mimi nina lingine — alisema Kadogo, ambaye sasa alikuwa amepata moto. — Turbo kazi yake nini? Kuvuta hewa. Hewa ya Geelong imepumuliwa na watu wa Ford karibu miaka mia. Holden ikiivuta hewa hiyo ikaichoma ndani, kwa muda ule inakuwa Ford.

— Kwa hesabu hiyo hata mimi nimekuwa Ford tangu nizaliwe — alisema Bluu.

— Ndiyo maana kifua chako kizima.

— Basi na Toyota ya mke wangu pia.

— Toyota gani? — waliuliza wote wawili kwa pamoja, kwa upole wa kinafiki.

Wakacheka, na Nev akacheka nao, ila kicheko chake hakikufika tumboni. Holden haikuwa inamtisha. Kilichomchoma ni kushuka kanisani mbele ya ukoo mzima kutoka kwenye gari la mwenzake, wakati mtaa wote unajua alichoahidi. Aliona aibu, na aibu ile alikuwa ameivalisha kiapo ili ionekane msimamo.

Mlango wa duka ulifunguka, akatoka mwanamke mmoja, Malia, aliyehamia mtaani wiki ile. Alikuwa amepanga foleni karibu na dirisha lililo wazi na kusikia yote. Alisimama na mkate wake kwapani.

— Samahani, wazee wangu. Bi harusi mwenyewe anataka gari gani?

Kadogo alichungulia kikombe chake. Bluu alimwangalia Kadogo.

— Anataka Ford — alisema Kadogo hatimaye. — Kazaliwa Ford.

— Amesema?

— Hajasema. Ila yumo upande wa Ford.

— Yeye anaendesha nini?

— Baiskeli — alisema Nev.

— Na wewe baba yake hukumuuliza?

Nev alifikiri. Alikuwa amemuuliza kuhusu keki. Alikuwa amemuuliza kuhusu idadi ya wajomba.

— Jambo kama hilo mtu haulizi — alisema, na alipolisikia likitoka mdomoni, lilimtia aibu.

Malia aliwaaga, akaenda zake. Nev akatoa simu. Wenzake wakageuka kutazama barabara, kama watu ambao hawana masikio. Simu ilipokelewa kabla haijamaliza kuita mara ya kwanza.

— Rae. Jumamosi unataka gari gani?

— Gari? Baba, gari lina nini? Nilikuuliza kama utakuwa na mimi. Mama kaniambia umeapa, na wewe hujibu. Nimeshamwambia mjomba Keith akae tayari, anishike mkono kanisani usipokuja.

Keith. Mtu asiyejua boneti inafunguliwa upande gani. Nev aliona kama amepigwa ngumi ya mbavu, na ngumi ilikuwa yake mwenyewe.

— Mwambie Keith akae na wageni — alisema. — Mkono ni wangu.

— Na kanisani utafikaje?

— Na wewe. Kwenye gari la mzee Lambros.

— Ni Holden, Baba.

— Najua ni gari gani.

Upande wa pili Raelene alivuta kamasi, au alicheka, ilikuwa vigumu kujua.

— Falcon haitakuwa tayari, mwanangu — alisema Nev. — Nilikuahidi, na nimeshindwa.

— Najua, Baba. Utakaa nyuma na mimi?

— Nyuma na wewe. — Aligeukia ukutani, akaziba mdomo kwa kiganja, akashusha sauti. — Ila mwambie Lambros tukifika barabara kuu akanyage kidogo. Nataka kuisikia hiyo turbo.

Benchi zima lilisikia.