Kozi Aliyoitaka Natabo, Akaiweka Mwisho

Mashahidi wote wa benchi ya Hibo, muuza kahawa, hapa Kiwanjani, Isiolo, wanakubaliana juu ya mambo yafuatayo. Kwamba Natabo, binti Ekitela, anasomea saikolojia katika chuo kimoja cha humu nchini, na amepata nafasi ya kusoma muhula mmoja ng'ambo kama mwanafunzi mgeni. Kwamba idara ya saikolojia ya huko ilimtumia maelekezo: achague kozi tano, azipange kuanzia anayoitaka zaidi hadi anayoitaka kidogo, naye atapewa tatu kulingana na nafasi zitakazobaki baada ya wanafunzi wenyeji kujiandikisha. Kwamba ni kozi moja tu kati ya hizo, ile ya ukuaji wa mtoto, ambayo chuo chake kinamdai ili ahitimu na wenzake. Akiikosa huko atabaki nyuma mwaka mzima, na ufadhili wake haufiki mwaka huo. Kwamba aliiweka ya tano. Na kwamba jana alipewa zile tatu za kwanza, ya kwanza kabisa ikiwa kozi ya usingizi na ndoto. Nafasi ya kubadilisha inafungwa leo jioni. Zaidi ya hapo hakuna shahidi anayekubaliana na mwenzake, kwa hiyo nayaweka maneno yao kama yalivyosemwa mchana huu, kahawa ya tangawizi ikiwa bado ya moto na Natabo mwenyewe amekaa mwisho wa benchi, simu mkononi.

Wa kwanza kusema alikuwa Kiragu. Anaitwa Stempu, kwa sababu alistaafu ofisi ya serikali na hajawahi kuamini karatasi isiyopigwa muhuri.

Stempu: Hebu tuseme ukweli. Msichana ako na akili hivi, anawekaje kitu anataka mwisho? Ni nani alimwambia?

Macho yote yalimwendea Lopeyok. Huyu ni dalali wa mifugo, na siku ya soko la Oldonyiro haijawahi kumkosa. Ndiyo maana benchi inamwita Mnada.

Mnada: Mnaniangalia mimi kwa nini? Mimi niliongea mambo ya mbuzi.

Hibo: Uliongea mambo ya mbuzi na mtoto wa watu anajaza fomu.

Mnada: Nilisema vile watu hununua, basi. Ile mbuzi umependa, hiyo usiguse. Unauliza bei ya ile imekonda. Unashika mgongo ya ile kilema, unafungua mdomo unalalamika juu ya meno. Ile unataka unaulizia ukishageuka kwenda: "Na hiyo ingine je?" Hapo ndio utapewa bei ya binadamu. Hiyo si siri. Hata watoto wanajua.

Natabo: Ulisema, wakijua unachotaka, wamekushika.

Mnada: Na si ni ukweli?

Natabo: Mzee, nilikuuliza kuhusu kozi.

Mnada: Uliniuliza vile mtu anaomba kitu kwa watu hawajui. Mimi najua kuomba moja tu.

Hapa panahitaji uangalifu, kwa kuwa kauli hizi mbili zinaweza kuwa za kweli kwa pamoja. Natabo aliuliza jambo lake. Mnada akajibu kutoka kwa jambo lake. Lisilopingwa na yeyote ni kwamba siku hiyo benchi ilikuwa imejaa, na hakuna hata mmoja aliyeona kosa. Stempu alitikisa kichwa kukubali. Hibo alichangia zaidi ya kukubali, wala hakani.

Hibo: Si mimi nilisema aweke hiyo ya kulala kwanza? Nilisema. Nilijua hakuna mtu atampatia. Wallahi, nani anafundisha watu kulala? Ekitela analala bila kwenda shule.

Natabo: Nyinyi mnacheka.

Hibo: Sicheki, walaal, ndugu yangu. Nimeshtuka tu walikupatia.

Stempu: Hata angeweka kwanza asingepata. Mimi nimekaa ofisi. Nafasi ya maana hupewa watu wake, halafu ndio tangazo inatoka.

Natabo: Lakini waliandika wazi. Wenyeji wanajiandikisha kwanza, wageni wanapata zilizobaki.

Stempu: Ndio hiyo nasema! Wamekuandikia mchana, bila haya, na wewe unaniambia ni maelekezo.

Ni haki kusema kwamba Stempu hakutoa mfano hata mmoja wa mtu aliyepewa nafasi hiyo kwa upendeleo. Kanuni iliyotangazwa mapema kwa watu wote haiwi njama kwa sababu tu haikupendelei. Lakini nadharia yake ilikwisha kufungua mlango, na aliyeingia ni Erot, mwendesha bodaboda anayejulikana kama Setilaiti, kwa vile kila habari humfikia, hata ile ambayo haijatokea.

Setilaiti: Nyinyi wazee hamjui hao ni watu gani. Hao ni watu wa saikolojia. Hawasomi kile umeandika. Wanakusoma wewe.

Mnada: Wananisoma aje na niko hapa?

Setilaiti: Fomu yenyewe ndio mtihani! Wanaangalia umechagua nini, umechukua muda gani, umebadilisha mara ngapi. Hapo wameshajua mpaka jina ya nyanya yako.

Stempu: Kwa hivyo walijua anataka ya watoto.

Setilaiti: Walijua kitambo.

Stempu: Na wakamnyima.

Setilaiti: Hawakumnyima, mzee. Walimpenda! Wamempatia ya ndoto juu wanataka ndoto zake. Huko ndoto zote ni za gari na theluji, wamechoka nazo. Sasa wamepata mtoto wa mfugaji. Atafungwa waya kwa kichwa, alale, wao wanaandika. Ndoto ya ngamia, hiyo hawana.

Natabo: Mimi sijawahi kuota ngamia.

Setilaiti: Usiwaambie.

Hibo: Na akikoroma?

Setilaiti: Wanaandika pia.

Stempu: Halafu hizo ndoto wanapeleka wapi?

Setilaiti: Hapo sasa ndio unaanza kuuliza maswali ya maana.

Benchi ilicheka, Natabo hakucheka. Aliigeuza simu akaangalia saa. Wakati huo alikuwa amefika mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Karwitha, mgeni katika benchi hii, ambaye alikuwa akisubiri viatu vyake kwa fundi wa pale kando na ameagiza kikombe kimoja.

Karwitha: Habari zenu. Samahani, nimesikia mkiongea. Hao watu wa huko, kuna mtu amewaambia kwamba anaitaka?

Stempu: Kuwaambia namna gani?

Karwitha: Kuwaambia tu. "Nataka hii."

Stempu alimwangalia Setilaiti, Setilaiti akamwangalia Mnada. Maneno yote yaliyokuwa yamesemwa mchana huo yalihusu walichokijua wale watu, walichokificha na walichokipanga. Hakuna aliyekuwa amewaza kwamba huenda hawakuambiwa.

Mnada: Mama, ukisema hivyo unapandisha bei.

Karwitha: Bei ya nini? Kwani wanauza?

Mnada akanywa kahawa yake.

Natabo alikuwa amekwisha kuanza kuiandikia idara ya huko. Stempu alitaka aanze kwa kuheshimu vyeo, kuanzia mkuu wa idara hadi wa chini. Mnada aliinama karibu yake.

Mnada: Sema unaitaka, sawa. Lakini ongeza, ikikosekana si neno. Wasione umebanwa.

Natabo: Ikikosekana ni neno.

Mnada: Najua. Usiwaonyeshe.

Natabo: Mzee, nikiikosa hii, wenzangu wanavaa majoho na mimi narudi hapa kwa baba kumwambia nini? Naitaka. Ndiyo hiyo pekee naitaka, zile zingine zote nilizipanga juu yake kama magunia. Sasa nimesema. Kuna mtu amenishika?

Akatuma.

Jibu lilirudi kabla Hibo hajaondoa birika kwenye jiko. Huko nako ilikuwa saa ya kazi. Natabo alilisoma kimya, kisha akatueleza kwa Kiswahili. Nafasi moja katika kozi ya ukuaji wa mtoto ilikuwa imepatikana leo asubuhi, mwanafunzi mmoja mwenyeji alipojiondoa. Kuna mgeni mwingine anayeisubiri, ambaye katika mpangilio wake aliiweka ya pili. Natabo aliiweka ya tano. Wangeamua leo. Kabla ya kuamua, wangependa aeleze jambo moja: kama anaihitaji kiasi hicho, kwa nini aliiweka mwisho?

Setilaiti: Sema simu iliteleza.

Stempu: Sema ni mtandao. Mtandao haujawahi kukataa lawama.

Hibo: Ulikuwa mgonjwa. Mgonjwa hapigwi.

Mnada: Sema ni mimi.

Natabo: Hawakujui.

Mnada: Andika jina. Lopeyok, broka, Isiolo. Sema mzee alinidanganya. Mimi nitapoteza nini? Sitaenda huko kulala.

Natabo akaandika, na kabla ya kutuma akatusomea kwa lugha yetu, kwa hiyo ninayoyanukuu ni maneno yake mwenyewe: "Niliiweka mwisho kwa sababu ndiyo niliyoitaka. Kwetu mnunuzi haonyeshi anachokipenda, na mimi niliwafanya nyinyi wauzaji. Maelekezo yenu niliyasoma, nikayaelewa, na sikuyaamini. Hakuna mwingine aliyejaza fomu hiyo."

Stempu: Toa hapo kwa kuamini. Hiyo ofisi yoyote itakukataa.

Setilaiti: Kweli, toa hapo.

Mnada: Wacha iende.

Ikaenda. Hibo aliinamisha birika juu ya kikombe cha Karwitha, yakatoka matone machache, akaomba radhi, kahawa imekwisha. Karwitha aliitwa na fundi, akachukua viatu vyake. Wengine hawakuondoka, ingawa hapakuwa na cha kunywa. Mnada alikaa akiitazama simu ya Natabo jinsi anavyomtazama mnunuzi anayehesabu moyoni.

Naandika haya jibu la mwisho likiwa bado halijafika, na sitaki kujifanya nalijua. Ushahidi wote umekwisha kutolewa. Upande mmoja yupo mtu tusiyemjua jina wala nchi, ambaye aliambiwa aseme anachokitaka, akasema, hata kama alikitaka kwa daraja la pili tu. Hajamkosea mtu. Upande wa pili yupo Natabo, ambaye mwaka wake mzima umesimama juu ya kozi hiyo. Aliambiwa vilevile, akasema kinyume, na alipoulizwa sababu alikuwa na visingizio vitatu vya bure na mzee mmoja aliyejitolea kubeba lawama, akaviacha vyote. Mtu anaweza kusema kwamba ukweli uliochelewa hauwezi kumnyang'anya nafasi aliyeusema kwa wakati. Mwingine anaweza kusema kwamba swali liliulizwa ili kujua nani anaihitaji zaidi, na sasa jambo hilo linajulikana.

Kiti ni kimoja, wanaokisubiri ni wawili. Wewe uliyesikiliza, ungekuwa ndiye mwenye kuamua jioni hii, ungemkalisha nani?