Mjane wa Duka la Bundi Haagwi

Mheshimiwa Mkuu wa Chama, Bwana Gervase Thorne; waheshimiwa wazee wa Chama cha Wauza Vitabu wa London; wake zenu; na ninyi wajalidi wenzangu, washonaji wa vitabu, mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimeishia kwa wakubwa: nawasalimu.

Nimekula pai yenu ya kulungu, nimekunywa pombe yenu, nimesikia nikisifiwa mpaka nikajiuliza, jamani, kwani nimekufa? Kumbe naagwa! Mmesikia kwamba mimi, Winifred, mjane wa Lambert Aldous, naolewa na Ambrose Pell, mwoka mikate wa kichochoroni kwetu. Na sheria yetu mnaijua: mjane hulishika duka la marehemu mumewe, lakini siku akiolewa na mtu asiye wa chama, duka linarudi kwenu. Ndiyo maana jana mpwa wa Mheshimiwa aliingia dukani na kamba, akawa anapima rafu zangu. Nikamuuliza, "Unatafuta nini, baba?" Akanijibu, "Napima tu, mama, usijali." Anapima tu! Hata haya hana.

Mheshimiwa, umemsifu sana Lambert kwa kuijalidi Biblia hiyo iliyo mbele yako. Lambert, Mungu amrehemu, alikuwa bingwa wa kuuza. Hata kipofu angemuuzia. Lakini mwaka ule mkono wake ulikuwa umepooza. Nani basi aliyezigonga karatasi zile kwa nyundo mpaka zikalala? Nani aliyezishona, akazikaza kwenye mbao, akavuta ngozi ya ndama juu yake? Ni mimi, kwa bega hili. Nilinyamaza kwa sababu mteja akisikia ni kazi ya mwanamke, anataka bei ishuke. Leo sinyamazi.

Ni kweli Ambrose aliniposa. Na nampenda, sioni aibu kulisema mbele yenu; mwenye kicheko kama chake uwanja mzima wa kanisa la Mtakatifu Paulo, penye maduka yetu, hauna. Nililia nilipomkatalia. Nilimwambia, "Ambrose, nikikukubali, asubuhi yake wananitoa dukani."

Akajipangusa unga mikononi. "Basi usiolewe, Wini. Nitakuja kununua kitabu kila siku."

"Wewe! Na kusoma hujui?"

"Kwani tuna haraka gani? Utanifundisha."

Basi, wazee wangu, hiki kikombe cha fedha mlichonipa cha kuniagia nakiweka hapa mezani, mtampa atakayeondoka. Na wewe mpwa wa Mheshimiwa, usijifiche nyuma ya mjomba wako, kunja kamba yako. Duka la Bundi nimelishika, na nitalishika mpaka mnibebe kwenda kaburini. Nawashukuru kwa pai, na kwa masikio yenu. Kesho kengele ya kanisa ikilia nafungua dirisha la duka, na mteja wangu wa kwanza namjua: atakuja na mkate wa moto, na tutaanzia herufi A.