Kikombe cha Nne cha Mzee Masoud

Kila Jumapili asubuhi, benchi lililo mbele ya bucha ya halali hapa Auburn, ughaibuni, huwa na watu watatu na vikombe vinne. Mwenye chupa ya kahawa ni Mzee Masoud wa Tanga; kahawa ikiisha, kikao kimeisha. Erasmus anaitwa Kontena, kwa sababu anaendesha lori bandarini Port Botany. Habonimana, Mrundi, ni Tiyata, kutokana na ‘theatre’: anasafisha jumba la michezo ya kuigiza, na chochote watazamaji wanachosahau vitini hukisoma kwanza. Kikombe cha nne hukaa kimefunikwa. Ni cha Faisal, mtoto wa Mzee Masoud, anayeishi kitongoji cha Quakers Hill na mpenzi wake, mwanamume mwenzake. Miaka mitano hajaja. Hajaitwa pia. Jumapili hii Tiyata alikuja na kijitabu.

— Huyu Mmarekani, Harlan Pruett, aliandika michezo kumi na moja. Yote iko na meza, na kiti kimoja tupu. Mpaka mwisho hakuna anayekaa.

— Bajeti hiyo, — alisema Kontena. — Mwigizaji mmoja kapunguzwa.

— Mara kumi na moja?

— Basi ni cha serikali. Wamarekani husikilizwa na serikali hata wakila. Kiti kina kinasa sauti.

— Wewe lori limekutikisa ubongo! Baba yake alikuwa fundi viatu. Kijana akamwambia anampenda mwanamume. Baba akanyamaza. Kijana akaenda New York, akaishi na huyo bwana wake miaka thelathini, akapata tuzo, akafa. Baba hakuona hata mchezo mmoja.

— Hakuwa na nauli.

— Kila mchezo alitumiwa tiketi, voilà.

Kahawa ilifurika kikombe cha Kontena.

— Mzee, unaniunguza!

— Samahani, mwanangu. Tiyata, baba alizitupa hizo tiketi?

— Hapana. Zilikutwa kwenye kopo la misumari ya viatu. Zote.

Ndipo akapita Avelina, muuguzi kutoka Bukoba, mgeni wa wiki mbili mtaani. Wakamsogezea nafasi. Akakiinua kile kikombe kilichofunikwa.

— Shikamoo, Mzee. Naweza kutumia hiki?

— Marahaba. Hicho cha mwanangu.

— Ooh, samahani. Yuko njiani?

— Yuko Quakers Hill, — Kontena aliwahi kujibu.

— Basi tumbakizie. Anapenda yenye tangawizi, au hivi hivi?

Tiyata alitazama kijitabu. Kontena alitazama vidole vyake. Mzee Masoud alikipokea kile kikombe.

— Zamani alikuwa anachovya kashata, — alisema. — Siku hizi sijui. Sijui kabisa anakunywaje.

Akaitikisa chupa sikioni, akakaza kifuniko. Vikombe viwili, chake na cha Faisal, akavitia mfuko wa koti.

— Kontena, treni ya Quakers Hill nabadilisha wapi?

— Blacktown, Mzee.

Walibaki na vikombe vitupu. Kahawa haikuisha siku hiyo. Iliondoka.