Wimbo Ambao Simu Haitausikia

Nisikilizeni nyote wawili, wewe mdogo wangu unayenishikia simu, na wewe Chiriku binti yangu uliyejaza biskuti mdomoni, maana muuguzi amesema saa nne wananiingiza chumba cha upasuaji, na daktari wa moyo hakunificha kitu, aliniambia mama kama una la kusema liseme, basi nalisema, na mdogo wangu usilie, utaharibu sauti ninayorekodi.

Simu yangu ya zamani, ile ya kioo kilichopasuka, iko kabatini ndani ya soksi ya Chiriku. Usiiuze, usiifute, usimpe fundi. Humo umo Wimbo wa Ndoo kama nilivyouimba mara ya kwanza nikifua nepi, maji yanasikika, Chiriku wa miezi mitatu ana kwikwi, na tarehe iko pale pale, wiki tatu kabla sijatia saini kwa Anko. Huyu mwenye studio anayejifanya anko wa kila mtu, karatasi yake ya mkataba inashika kazi za kuanzia siku ya saini, lakini Wimbo wa Ndoo akauandikisha kwa jina lake, ndiyo maana mnausikia kwenye tangazo la sabuni na mimi sijapata hata kipande cha sabuni. Mpelekee simu yule dada mwanasheria wa chama cha wanamuziki. Mwambie asikilize kwikwi.

Utaniuliza nilisaini vipi, mtu mzima na cheti changu cha kidato cha nne. Chiriku alikuwa analia, Anko akasema, "Lete nimbebe mtoto, wewe saini tu taratibu," akambeba, mtoto akazidi kupiga kelele, nami nikakimbiza kalamu kurasa zote sita ili nimpokee mwanangu. Kumbe ukurasa wa nne unasema sauti yangu yoyote itakayorekodiwa, popote, kwa chombo chochote, ni yake miaka kumi. Imebaki saba. Tangu nijue, nikiimba jikoni nafunga dirisha kama mwizi. Ukiletewa karatasi na mtoto analia, mtulize mtoto kwanza. Karatasi ingoje.

Jana alikuja hapa na matunda. "Mama Chiriku, nasikia una wimbo mpya. Saini hapa, gharama za hospitali niachie mimi."

Nikamwambia, "Anko, koo limenikauka."

"Kalamu haihitaji koo," akacheka, akaiacha karatasi chini ya sahani.

Natamani ningeweza kusema sikuigusa. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimeshika kalamu, kwa kuwa naogopa, mdogo wangu, naogopa sana. Sijasaini. Inataka hata nyimbo ambazo sijaziimba, na inataka mrithi wangu asaini chini yangu. Chiriku hajui kushika kalamu, kwa hiyo atakayeshikishwa ni wewe, mama yake mdogo. Akija nikiwa ndani, usisaini. Nisipotoka, akikuletea jeneza la vioo na magari ya kunisindikiza, usisaini.

Na hili limenikaa kifuani kuliko ugonjwa. Ubeti wa pili wa Wimbo wa Ndoo ni wako. Redioni waliponiuliza nilisema nimetunga peke yangu, nawe ulikuwa upande wa pili wa kioo umenibebea mtoto, ukanipungia mkono. Nisamehe. Haki ikirudi, yaandikwe majina mawili, na kitakachopatikana mgawane nusu kwa nusu, wewe na Chiriku. Akina mama wa wodini na watoto wa shule waimbe bure, wasiulizwe kitu. Mwenye tangazo aje aombe kwanza, na mkimkatalia aondoke.

Wimbo mpya uko kichwani mwako, nilikufundisha tukimenya vitunguu. Sijaurekodi. Anko ana sauti yangu, wimbo hana. Uimbe wewe, kwa koo lako, kwa karatasi ya mkataba utakayoisoma hadi mwisho ukiwa umekaa.

Wamekuja na kitanda... ngojeni kidogo, dada muuguzi. Mungu awatunze. Chiriku, ukue na sauti yako mwenyewe, asiibebe mtu. Mtii mama yako mdogo. Pumzi... inakatika. Najua unautaka wimbo, umeshanishika kidole. Lakini simu inasikia. Mdogo wangu, hicho kitufe chekundu... bonyeza. Zima, nimwimbie.