Mama Vénérande Lwaboshi, Aliyetafuta Namna ya Kuikinga Dawa na Joto (1979–2018)

Mama Vénérande alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Kadutu, Bukavu, mtoto wa pili wa mwalimu René Lwaboshi na mama Ernestine, ambao wote walimtangulia. Alisoma hukohuko Bukavu, na mwaka 2003 alipata shahada ya kemia. Baba yetu alimtania dada yangu kwamba hakuna mwanaume atakayeoa mwanamke anayenusa supu kama yuko maabara.

Mwezi Juni 2004 vita vilimtoa Bukavu. Alifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, tarehe 9 Septemba, diploma yake ikiwa imeshonwa ndani ya kitenge. Alifundisha kemia kambini miaka tisa. Tarehe 19 Agosti 2006 alifunga ndoa na fundi cherehani Sylvain Balagizi, ambaye hakujali habari ya supu. Walijaliwa Charlène na Moïse.

Mwaka 2011 aligundulika kuwa na kisukari, akaanza kujidunga insulini. Insulini hutaka baridi, na nyumba ya mabati haina baridi. Aliificha chupa ndani ya chungu cha mchanga uliolowa, lakini kila Oktoba joto liliishinda.

Njo maana alitafuta jibu. Mwaka 2013 mhadhiri wa chuo kimoja cha Lilongwe alimkubali katika maabara yake, bila mshahara. Kila safari ilihitaji kibali cha kutoka kambini, na mara nyingi alirudishwa njiani. Maabarani humo alichanganya chumvi ya zinki na kemikali nyingine, zikajijenga kuwa viunzi vidogo mno vyenye vitundu, vikiifunika protini, na insulini ni protini, kama ganda. Charlène alimuuliza, “Maman, sasa dawa itatoka namna gani mule ndani?” Akajibu, “We unabebaka mutoto mu mugongo. Ukifika, unamushusha. Hii nayo, ikikuta asidi, inafunguka, dawa inashuka.”

Februari 2016 alichemsha vimeng’enya viwili, protini za kujaribia tu: kimoja kitupu, kingine ndani ya kiunzi. Kile kitupu kilikufa. Kile cha ndani kiligeuza maji kuwa buluu, kikiwa bado kizima. Alirudi nyumbani akiimba. Insulini ingefuata.

Mwaka 2017 makala ya kazi hiyo ilichapishwa ikiwa na majina matatu. Lake halikuwamo. Chini kabisa alishukuriwa “msaidizi mmoja.” Baada ya hapo kibali cha kwenda maabara hakikuombwa tena kwa ajili yake.

Tumeshauriwa tuandike kwamba aliugua kwa muda mfupi. Si kweli. Tarehe 22 Oktoba 2018 alipewa insulini kwenye kliniki moja ndogo ambayo friji yake ilikuwa imezimika siku nne. Aliinua chupa kwenye mwanga, akaona mabonge yameganda kwenye kioo. Akamwambia mhudumu, “Hii imekwisha kufa.” Akajibiwa, “Mama, ni hiyo tu iko.” Alijidunga, kwa sababu hakukuwa na nyingine. Tarehe 24 alianza kutapika. Tulingoja karatasi ya ruhusa ya kumpeleka hospitali siku mbili nzima. Alifika Lilongwe akiwa hajitambui, akafariki Jumamosi tarehe 27, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka thelathini na tisa. Hatutaandika kwamba Mungu alimpenda zaidi. Mungu hakuzima friji.

Jana yule mhadhiri alikuja matangani na makala yake, akataka kumpa Sylvain mkono. Sylvain hakuutoa wake. Alisema, “Weka hiyo karatasi chini. Sema mbele ya batu: nani alitengeneza?” Mhadhiri aliiweka chini, akasema, “Vénérande ndiye aliyetengeneza. Mimi nilisimamia tu.” Charlène alimpa kalamu. Mhadhiri aliandika jina la Vénérande juu ya majina yote matatu, akatia sahihi, na kuahidi kuwaandikia waliochapisha. Mashahidi tulikuwa zaidi ya arobaini, na tutaifuatilia ahadi hiyo.

Ameacha mume, Sylvain. Watoto, Charlène na Moïse. Mimi mdogo wake, Télesphore. Na wanafunzi wengi, wengine wao wakiwa hapa wamebeba jeneza lake.

Dada, pumzika kwa amani. Sisi hatujatulia.